Mwanahabari wa Siasa na Lugha ya Umma: Safari ya Mwanafunzi Mmoja wa Uzamili

Aghalabu husikika katika vyumba vya habari nchini Kenya kwamba uanahabari wa siasa haufunzwi darasani. Wakongwe wa kazi hiyo hushikilia kwamba ripota huiva kwa kusimama juani kwenye mikutano ya hadhara, kwa kuzoeana na makarani wa Bunge na kwa kujua ni mlango upi wa kubisha na saa ngapi. Dai hilo lina ukweli wake, kwani kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, kuona si kuelewa. Ripota anaweza kuhudhuria vikao vya Bunge kwa miaka kumi, akaandika nani alimtukana nani, asiweze kueleza mswada uliopitishwa siku hiyo utamgharimu kiasi gani mwananchi anayenunua mkate dukani. Pengo hilo ndilo lililozaa masomo ya uzamili katika uanahabari wa siasa na masuala ya umma.

Masomo haya yana historia yenye funzo kwa mpenzi wa lugha. Joseph Pulitzer, ambaye fedha zake zilianzisha shule ya uanahabari katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alizaliwa Hungaria mwaka wa 1847 na kufika Marekani mwaka wa 1864 akiwa hajui Kiingereza cha kujivunia. Kazi ya uripota aliianza mwaka wa 1868 katika gazeti la Westliche Post mjini St. Louis, gazeti lililochapishwa kwa Kijerumani kwa ajili ya wahamiaji. Ni kwa Kijerumani alikoripoti habari za bunge la jimbo la Missouri, na ni kwa ajili ya wasomaji wale wa Kijerumani alikojifunza kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Pulitzer alifariki mwaka wa 1911, shule ikafunguliwa mwaka wa 1912, na tangu mwaka wa 1935 imekuwa ya wanafunzi wa uzamili pekee. Mwaka wa 2005 iliongeza shahada nyingine ya uzamili kwa wanahabari wanaotaka kubobea katika uwanja mmoja, siasa ikiwa miongoni mwa nyanja hizo. Kwa hivyo, chimbuko la shule hiyo mashuhuri ni mtu aliyejifunza siasa kwa lugha ya wasomaji wake, si kwa lugha ya waliotawala.

Mfano wa pili unatoka jimbo la Illinois. Huko, mwaka wa 1972, Paul Simon, aliyekuwa mwanagazeti kabla ya kuwa mwanasiasa na baadaye Seneta, aliasisi mpango wa uzamili wa kuripoti masuala ya umma katika chuo ambacho leo kinaitwa University of Illinois Springfield. Nguzo ya mpango huo ni kwamba mwanafunzi hasomi tu kuhusu bunge, bali hukaa kwa miezi kadhaa katika jengo la bunge la jimbo, akifanya kazi pamoja na wanahabari waliokomaa. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mafunzo ya uanahabari mwaka wa 1970, na tangu hapo vyuo vingine kadhaa vimefuata nyayo, vikiwemo vinavyotoa shahada za uzamili. Wanaojiunga nazo wengi wao ni watu wazima walio kazini, wanaosoma jioni na Jumamosi.

Mmoja wao ndiye anayehusika hapa. Ni mwanamke wa makamo ya ujana, mtangazaji na mhariri wa taarifa za usiku katika redio moja ya Kiswahili. Alijisajili kwa masomo ya uzamili kwa akiba yake mwenyewe baada ya kufanya kazi kwa miaka sita. Hakutafuta shahada ili apandishwe cheo. Alichoka kusoma hewani sentensi ambazo hakuweza kuzitetea endapo msikilizaji angempigia simu na kuuliza, "Maana yake ni nini hasa?"

Darasani mambo yalimnyookea. Alifundishwa safari ya mswada tangu unapochapishwa, unaposomwa mara ya kwanza, unapopelekwa kwenye kamati, hadi unapotiwa sahihi na Rais. Alifundishwa kusoma makadirio ya bajeti na ripoti za ukaguzi wa hesabu. Alifundishwa kwamba Ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kwamba Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Yote haya alifundishwa kwa Kiingereza, na kila kitabu kilichokuwa kwenye orodha ya usomaji kilikuwa cha Kiingereza. Saa mbili usiku alitoka darasani, akapanda matatu hadi studioni, na saa nne akaketi mbele ya maikrofoni kuyasema mambo yaleyale kwa Kiswahili. Safari ile ya matatu ilichukua nusu saa. Safari ya kutoka lugha moja hadi nyingine ilikuwa ndefu zaidi, na hapakuwa na somo lolote lililoitaja.

Jambo hili halikuanza naye. Mwaka wa 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ikarekebishwa. Mwaka wa 1975 ikarekebishwa tena ili miswada na masuala ya fedha yaendelee kuwa kwa Kiingereza, na kufikia mwaka wa 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa katika mijadala. Msomaji atatambua kilichotokea: maneno ya kupamba hotuba yaliachiwa Kiswahili, nayo maneno ya kugawa fedha yakabaki katika Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya sasa inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili, na Ibara ya 120 inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwaka wa 2019 Bunge la Kitaifa lilizindua Kanuni za Kudumu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, mwanafunzi huyu alipokwenda Bungeni kwa ajili ya mafunzo ya nyanjani, mswada aliokabidhiwa ulikuwa wa Kiingereza.

Ulikuwa Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024. Miongoni mwa mapendekezo yake, mkate wa kawaida ungetozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, nayo magari yangetozwa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 5,000 na cha juu shilingi 100,000. Redio nyingi zilitangaza kwamba mkate, ambao hapo awali "ulisamehewa ushuru", sasa ungetozwa. Mwanafunzi huyu alikuwa ametoka tu kusoma sheria yenyewe, na akaona kwamba neno "kusamehewa" linaficha vitu viwili tofauti. Kuna bidhaa zinazotozwa kwa kiwango cha sifuri: muuzaji hamtozi mnunuzi ushuru, na ule aliolipa yeye mwenyewe alipokuwa akinunua malighafi anaweza kuudai arudishiwe. Kuna pia bidhaa ambazo zimeondolewa kabisa katika mfumo huo: muuzaji hamtozi mnunuzi, lakini hana haki ya kudai alicholipa, kwa hivyo gharama ile huichomeka katika bei. Mkate ulikuwa katika kundi la kwanza. Mbunge anayehamisha bidhaa kutoka kundi la kwanza hadi la pili anaweza kusimama jukwaani akaapa kwamba hakuongeza ushuru hata senti moja, na bado bei ikapanda. Lugha isiyotenganisha makundi hayo mawili humpa mwanasiasa maficho bila hata yeye kuyaomba.

Alitumia jioni mbili kuandaa maelezo ya dakika saba. La kwanza aliliita "ushuru wa sifuri", la pili "nje ya ushuru", kisha akatoa mfano wa mwoka mikate na gunia la unga. Katika majuma yaleyale vijana wengi kote nchini walikuwa wakifanya kazi kama hiyo bila shahada wala mshahara, wakiufafanua mswada kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwenye simu zao. Mapendekezo ya mkate na magari yaliondolewa tarehe 18 Juni. Mswada uliobaki ulipigiwa kura tarehe 25 Juni, 195 wakiunga mkono na 106 wakipinga. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Mtu anaweza kuyatafsiri matukio hayo atakavyo kisiasa. Lisilopingika ni kwamba umma ulihitaji kuuelewa mswada katika lugha zake kabla ya kura kupigwa, na kwamba kazi hiyo haikufanywa na waliouandika.

Baada ya hapo mwanafunzi alianza kuzitazama upya taarifa zilizopitia mezani pake. Usiku mmoja ililetwa taarifa iliyosema kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ametoa "maoni yaliyohitimu" kuhusu hesabu za kaunti fulani. Mtafsiri alikuwa amekutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile ya kupasi mtihani. Maana iliyokusudiwa ni kinyume: mkaguzi ameridhika kwa sehemu, lakini ana dosari za kutaja. Lau taarifa ile ingesomwa hivyo, gavana aliyenyoshewa kidole angeamka asubuhi akiwa amesifiwa. Aliirekebisha kabla haijasomwa. Kilichomshughulisha zaidi ni kwamba dawa ilikuwa karibu. Magazeti ya Tanzania kwa muda mrefu yamekuwa yakiandika "hati safi", "hati yenye shaka" na "hati chafu" kila ripoti ya ukaguzi inapotolewa. Msomaji wa kawaida huko hahitaji kuwa mhasibu ili ajue ipi ni ya kujivunia na ipi ni ya kuonea haya. Istilahi zipo, kilichokosekana ni daraja la kuzivusha mpaka.

Ilipofika zamu ya tasnifu, alichagua kuchunguza jinsi habari za miradi ya afya ya kaunti zinavyomfikia mwananchi. Alihitaji orodha ya zahanati zilizojengwa na fedha zilizolipwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 ilimwongoza. Kifungu cha 8 kinasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuliweka ombi lake katika maandishi. Kifungu cha 9 kinatoa siku 21 za kujibu. Akaandika ombi lake kwa Kiswahili, akalipeleka mwenyewe katika ofisi husika. Afisa aliyelipokea, mzee mwenye adabu, aliligeuzageuza kisha akasema, "Madam, hii ungeiandika upya kwa Kiingereza. Mkubwa ataielewa haraka."

"Mzee wangu," alijibu, "sheria imeniruhusu lugha zote mbili. Kama kuna neno lililo gumu, nitaeleza."

"Si ugumu, binti yangu. Ni vile hatujazoea."

Jibu hilo lilimkaa akilini kuliko nadharia nyingi alizofundishwa. Afisa yule hakuwa adui wa Kiswahili. Alikisema siku nzima, nyumbani na kazini. Alizoea tu kwamba Kiswahili ni lugha ya kusalimiana mlangoni na Kiingereza ndicho lugha ya faili. Ombi lilipigwa muhuri hata hivyo. Siku ya 19 jibu lilifika: kurasa mbili za Kiingereza, majina ya zahanati na kiasi kilicholipwa kila moja. Zahanati moja iliandikwa kuwa imekamilika na kulipiwa yote.

Kama angelikuwa mwanafunzi tu, angaliitia orodha ile katika jedwali la sura ya nne na kuendelea. Lakini alikuwa pia mtangazaji. Kwa idhini ya mhariri wake aliisoma orodha hewani kwa Kiswahili, jina kwa jina, bila kumtuhumu mtu. Kabla kipindi hakijaisha alipiga simu mzee mmoja. "Binti yangu," alisema, "hiyo zahanati mnayosema imekwisha, mbuzi wangu hujikinga mvua ndani yake. Ina bati upande mmoja, na mlango haijawahi kuuona."

Mchango wa masomo yake ulidhihirika katika alichofanya baadaye. Hakutangaza kwamba fedha zimeliwa. Neno "kula" katika siasa za Kenya lina nguvu nyingi mno. Hata mwandishi Michela Wrong alilijengea jina la kitabu chake cha mwaka wa 2009 kuhusu ufisadi nchini. Msikilizaji akiambiwa "wamekula", huelewa kila kitu na hajaelezwa chochote. Je, ni wizi? Ni ubadhirifu? Ni malipo yaliyotangulia kazi? Ni hitilafu ya karani? Kila neno lina uzito wake mbele ya hakimu, na kila neno linadai ushahidi wake. Alikwenda hadi zahanati, akaiona, akaipiga picha, akaiuliza ofisi ya kaunti, kisha akatangaza alichoweza kukithibitisha: kwamba stakabadhi zinaonyesha malipo kamili, na kwamba jengo halijakamilika. Alitumia maneno "malipo kamili" na "jengo lisilokamilika", akamwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza kilichobaki.

Mgogoro uliofuata ulikuwa wa kitaaluma. Tasnifu yake, kwa kanuni za idara, iliandikwa kwa Kiingereza. Alikuwa na mahojiano ya Kiswahili, na alitaka maneno ya wahojiwa yabaki yalivyosemwa, tafsiri ikifuata. Baadhi ya wanajopo waliona kwamba hayo yanajaza kurasa bure. Mmoja alishauri sura hiyo ifupishwe ili asicheleweshwe kuhitimu. Ilimbidi achague kati ya kumaliza mapema na kumaliza vizuri, naye karo ya muhula mmoja zaidi haikuwa kitu kidogo kwa mtu anayejilipia. Alijitetea kwa hoja moja: kwamba ushahidi mkuu wa utafiti wake ni sauti ya mzee wa mbuzi, na kwamba sauti ile haingepatikana kamwe kama orodha ingebaki katika lugha iliyoandikiwa. Kwa hivyo, lugha haikuwa chombo cha kubebea matokeo tu, bali sehemu ya njia ya utafiti. Jopo lilikubali baada ya mjadala mrefu. Alilipa muhula wa ziada.

Kisa hiki kinawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko kinavyowahusu wanahabari. Kwa miaka mingi idara za Kiswahili zimetoa tasnifu nyingi kuhusu riwaya, ushairi, tamthilia na isimu, kazi ambazo ni fahari ya taaluma. Lugha ya bajeti, ya ukaguzi na ya mswada haijapata bahati hiyo, ilhali ndiyo inayoamua bei ya unga na umbali wa zahanati. Mwanafunzi wa isimujamii angeweza kuchunguza jinsi taarifa za habari zinavyotafsiri istilahi za fedha. Mwanafunzi wa tafsiri angeweza kuchukua ripoti moja ya ukaguzi ya kaunti yake na kuifanyia kazi kwa Kiswahili kinachosomeka. Wahadhiri wa Kiswahili na wa uanahabari, ambao aghalabu hutenganishwa na ua mmoja tu, wangeweza kufundisha somo moja kwa pamoja: mswada mezani, wanafunzi wa pande zote mbili wakiusoma kifungu kwa kifungu, na mtihani uwe kuueleza kwa dakika saba kwa mtu asiyejua Kiingereza wala sheria.

Yapo mabishano kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa kisa hiki hakukosa maneno; mengine aliyakuta Tanzania, mengine sokoni, machache akayaunda. Alichokosa ni watu wa kuulizana nao kabla ya saa nne usiku. Sheria ya mwaka wa 2016 inazitaka ofisi za umma, zinapotoa habari, zizingatie lugha ya mahali. Sharti hilo litabaki maandishi matupu iwapo waliosomea lugha hizo hawatajitokeza kusema wako tayari kulitekeleza.

Tasnifu ya mwanafunzi yule sasa iko maktabani, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Kiambatisho chake cha mwisho ni kurasa sita za istilahi za bajeti na ukaguzi kwa Kiswahili, zilizokusanywa kati ya darasa na studio. Wenzake redioni wamezinakili na kuzibandika ukutani karibu na maikrofoni, na baadhi ya maneno tayari yamekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikiwa bora zaidi juu yake.